Mikono yatetemeka na bado u kijana: la kufanya, hatua kwa hatua

Nilikuwa na miaka 24 mkono ulipoanza. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye nyumba moja ya Kibokoni, Mombasa, mguu wa bi harusi juu ya mto, koni ya hina mkononi, nachora jani kwenye kifundo. Ncha ya koni ikaanza kucheza. Mstari uliotakiwa kuwa mwembamba kama uzi ukatoka na meno kama msumeno. Nikaufuta kwa pamba, nikarudia, ukatoka vile vile. Nikasema taa haitoshi, wakaniletea taa. Kazi ile niliimaliza kwa kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na nilipofika nyumbani nikakesha na simu hadi saa tisa usiku, nikisoma juu ya maradhi ambayo asubuhi yake hata majina yake sikuyajua.

Mwongozo huu ni wa kijana aliye pale nilipokuwa mimi. Mimi si daktari, ni mchoraji wa hina. Nimeupanga jinsi ambavyo ningependa mtu anipangie usiku ule, kwa sababu nilikaa miezi minne na woga kabla ya kwenda kupimwa, na woga wenyewe ndio uliozidisha mtetemo.

Kabla ya yote: yasiyongoja

Kuna mtetemo wa kuandikia daftari na kuna mtetemo wa kuita tuktuk sasa hivi. Nenda hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa pamoja na kutetemeka uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu mmoja umelegea, au ulimi umekuwa mzito na maneno hayatoki. Kiharusi ni nadra kwa kijana, lakini hutokea. Nenda pia ikiwa kuna homa kali na shingo imekakamaa, umepoteza fahamu, umepata degedege, au umetetemeka baada ya kushika, kuvuta au kumeza dawa ya wadudu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, akitetemeka huku jasho jembamba linamtoka na maneno yake hayaeleweki, sukari yake huenda imeshuka. Chini ya 3.9 mmol/L kwenye kile kipimo cha kidole ni kushuka. Mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, na baada ya robo saa mpime tena, kisha ale. Ikiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Mwezi wa Ramadhani jambo hili hutokea zaidi, na kufungua saumu kwa sababu hiyo si aibu wala si dhambi.

Na ikiwa mtu amezoea pombe kila siku, mnazi ama chupa, kisha akaacha ghafla, mikono huanza kutetemeka kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Huo usiudharau. Waweza kufuatiwa na kifafa na kuweweseka, na watu hufa kwa hali hiyo. Kuacha pombe ni jambo jema sana, lakini mnywaji wa kila siku aache akiwa na daktari. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haina malipo na watakuelekeza pa kuanzia.

Ikiwa hakuna lolote kati ya hayo, vuta pumzi. Una muda wa kufanya mambo kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: elewa kwamba kila mkono hutetemeka

Nyoosha mkono mbele yako, utandaze vidole, uweke karatasi nyepesi juu yake. Angalia ukingo wa karatasi. Utacheza. Mwite ndugu yako afanye hivyo hivyo, nao wake utacheza. Misuli ya binadamu haitulii kabisa. Hutikisika mara 8 hadi 12 kwa sekunde, kidogo mno kiasi kwamba jicho halioni. Kinachofanyika kwa vijana wengi wanaoingiwa na hofu ni kwamba mtetemo huu wa kawaida umekuzwa na kitu fulani ukaonekana.

Kinachoukuza mara nyingi ni adrenalini, ile kemikali ambayo mwili huimwaga mtu anapofukuzwa na mbwa. Uchovu huukuza. Njaa huukuza. Kafeini, homa, baridi, baadhi ya dawa, na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Na hofu huukuza kuliko vyote, kwa sababu ukishauogopa mtetemo, mwili humwaga adrenalini nyingine, mtetemo ukazidi, nawe ukapata sababu mpya ya kuogopa. Mimi nilikuwa nainyoosha mikono kuitazama labda mara 40 kwa siku: kwenye matatu, msalani, hata kwenye foleni ya feri ya Likoni. Kila nikitazama, inatetemeka. Ningeshangaa nini?

Kwa hivyo sheria ya kwanza, ambayo ni ngumu kuliko zote hapa: acha kujipima kila saa. Utajipima mara moja kwa wiki, siku na saa ile ile, kwa njia nitakayoieleza. Katikati ya wiki mikono iachie kazi zake.

Hatua ya pili: ujue mtetemo wako ni wa namna gani

Daktari atakuuliza jambo moja kabla ya mengine: unatetemeka wakati gani? Mkono ukiwa umelala, ukiwa umeushikilia hewani, au ukiwa unafanya kazi? Majibu haya matatu yanaelekea njia tofauti kabisa, na kujua jibu lako ni nusu ya safari.

Chagua siku, tuseme Jumapili asubuhi baada ya staftahi. Mwombe mtu akurekodi kwa simu. Anza na mikono imelala mapajani, viganja juu, imelegea kabisa. Ikiwa imelala hivyo, hesabu kwa sauti kutoka 100 ukiondoa saba saba: 93, 86, 79. Usijali ukikosea, kazi ya hesabu ni kuishughulisha akili, maana mtetemo wa mkono uliolala hujitokeza mtu akisahau kuuangalia. Kisha nyoosha mikono mbele kwa nusu dakika. Kisha gusa ncha ya pua kwa kidole, halafu ncha ya kidole cha anayekurekodi, mara tano kila upande. Mwisho mimina maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine.

Halafu chukua karatasi na kalamu. Chora mzunguko wa konokono, kuanzia katikati kwenda nje, duru tano, bila kuegemeza mkono mezani. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Chini yake andika sentensi moja, ile ile kila wiki. Andika tarehe. Hiki si kitu nilichokibuni. Madaktari wa mishipa ya fahamu huwachoresha wagonjwa mzunguko huu huu, na mimi niliposhikishwa kalamu kule kliniki nilikuwa nimeshauchora mara nyingi.

Sasa maana yake, kwa ufupi. Mkono unaotulia ukiwa umelala lakini unatetemeka ukinyooshwa au ukishika kikombe, mikono yote miwili, haraka haraka: huu ndio wa vijana wengi, na asili yake mara nyingi ni zile sababu za hatua ya kwanza, au mtetemo wa kifamilia. Mkono unaotetemeka ukiwa umelala, polepole, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, hasa upande mmoja, kisha ukatulia unapoanza kufanya kitu: huu ndio unaowatia watu hofu ya ugonjwa wa Parkinson. Na mkono unaotulia mwanzoni kisha ukayumba kadiri unavyokaribia kitu unachotaka kukigusa, huo waonyesha shida kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo inayoongoza mizani ya mwili.

Kuhusu Parkinson nataka kusema wazi, kwa sababu ndilo jina nililolala nalo. Ugonjwa huu umeitwa kwa jina la daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeuandika mwaka 1817. Wengi huupata wakiwa wamekaribia au wamepita miaka 60. Muhammad Ali aligunduliwa mwaka 1984 akiwa na 42. Kijana aweza kuupata: mwigizaji Michael J. Fox aliambiwa anao mwaka 1991, akiwa na miaka 29. Siwezi kukudanganya kwamba haiwezekani. Lakini ni nadra sana katika umri huo, na hauji na mtetemo peke yake. Huja na mwendo kuwa mzito, misuli kukaza, mkono mmoja kutocheza mtu akitembea, mwandiko kuwa mdogo zaidi na zaidi kila mstari. Ikiwa unafunga vifungo vya shati upesi kama zamani na mwandiko wako ni ule ule ila una meno, hiyo ni habari njema ya kumpelekea daktari.

Hatua ya tatu: daftari

Nunua daftari la kurasa chache. Kila siku andika mistari mitatu, usiku, mara moja tu: umelala saa ngapi, umekula nini na lini, umekunywa nini, umetumia dawa gani, na mtetemo ulikusumbua wakati gani hasa. Huu hapa ukurasa wangu mmoja, kama ulivyo:

"Alhamisi. Nimelala kwa saa nne tu, kazi ya arusi Majengo. Mahamri mawili asubuhi, tena sikula hadi magharibi. Kahawa vikombe vinne. Inhela mara tatu kwa sababu ya udi. Saa kumi koni haishikiki. Baada ya kula biriani, afadhali."

Niliandika hivyo siku 11 bila kuona kitu. Siku ya 12 mamangu akalichukua daftari mezani, akalisoma kwa miwani yake, akaniuliza, "Wewe mwanangu, wala saa ngapi?" Nikaanza kujitetea. Akasema, "Sikuulizi kazi. Nakuuliza chakula." Hapo ndipo nikaona ambacho ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa ukisema.

Hatua ya nne: ondoa vichocheo, kimoja kwa wakati

Usiondoe vyote siku moja. Ukiondoa vyote mtetemo ukapungua, hutajua kilichokuwa na makosa. Kila kimoja kipe wiki yake, kisha utazame konokono wa Jumapili.

Anza na kafeini. Kikombe cha kahawa tungu ni kidogo, lakini nani anywaye kimoja barazani? Ongeza chai ya rangi asubuhi, chai ya maziwa alasiri, na kile kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho vijana wa boda wanakinywa kama maji. Mkebe wa mililita 500 wa vinywaji hivyo mara nyingi una miligramu 160 hivi za kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na wengine hutetemeka hata kwa nusu ya hapo. Nusu ya kafeini hubaki damuni kwa saa tano hivi, kwa hivyo kahawa ya saa kumi na mbili jioni bado iko nawe saa tano usiku ukijigeuza kitandani. Punguza kikombe kimoja kila siku mbili. Ukikata ghafla, kichwa kitakuuma siku mbili tatu na utadhani umepata ugonjwa mwingine.

Miraa na muguka ni jambo zito zaidi hapa kwetu, na nasema bila kumhukumu mtu. Majani yale yana kathinoni, kichocheo cha ukoo mmoja na amfetamini. Mkono kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea na wasiwasi wa kesho yake ni kazi yake ya kawaida. Ukienda kwa daktari ukaficha kwamba unatafuna, utapimwa kila kitu bure. Mwambie. Hayuko pale kukusema kwa wazee wako.

Kisha dawa. Hapa ndipo pangu. Ile inhela ya buluu ya pumu, iliyoandikwa salbutamol, huigusa misuli ya mikono kama inavyofungua kifua, na mtetemo wake hupungua baada ya saa chache. Haina maana kwamba uiache, pumu huua. Lakini ukijikuta unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa na wahitaji dawa ya kuzuia, si kuvuta ile ya buluu zaidi. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Dawa nyingine zinazoweza kutetemesha mkono ni baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua, valproate ya kifafa, lithium, dawa kadhaa za sonona, za kichefuchefu kama metoclopramide, na zile za maradhi ya akili kama haloperidol. Dawa uliyoandikiwa usiikate mwenyewe. Ibebe pamoja na boksi lake na uulize.

Dada zangu, kuna jambo nawajibika kulitaja kwa sababu mimi hushika mikono ya maharusi kila wiki na ngozi naiona kwa karibu. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki. Zebaki huingia kwa ngozi, huharibu figo, na miongoni mwa dalili zake za kale kabisa ni mikono kutetemeka, usingizi kukatika na hasira zisizo na sababu. Krimu isiyo na orodha ya viungo, au iliyochanganywa kwenye kikopo na mtu, iache leo, na mwambie daktari umeitumia muda gani. Kuna kipimo cha mkojo. Na mafundi wa kuchomea vyuma: moshi ule una manganisi, ambayo ikizidi mwilini kwa miaka hushambulia ubongo. Fanyeni kazi penye upepo.

Chakula na usingizi sitavieleza sana, kwa sababu mama zetu wameshavieleza. Kula kabla ya saa nne za kazi hazijapita. Lala.

Hatua ya tano: uliza nyumbani

Babu yangu hakuwa akimimina chai kwenye sahani kama wazee wenzake. Tulidhani ni uungwana wake. Nilipomuuliza shangazi kama kuna mtu kwetu aliyekuwa akitetemeka, alinyamaza kidogo, akasema, "Babu yako angeimwaga. Ndiyo maana alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili, na sisi tuliambiwa tusimtazame." Alikuwa hivyo tangu ujana, akafa mzee wa miaka themanini na kitu, akivua samaki hadi mwisho.

Upo mtetemo wa kifamilia. Huonekana mtu akishika kitu au akinyoosha mkono, mikono yote miwili, wakati mwingine kichwa na sauti. Waweza kuanza ujanani. Hausababishi kupooza, na dawa zake zipo kwa anayesumbuliwa. Mojawapo ni propranolol, ambayo watu huazimana kabla ya mitihani au usaili. Usiiazime. Mwenye pumu akiimeza, kifua chaweza kufunga, na mimi ni mmoja wa wale ambao ingewaua.

Ukiuliza nyumbani, uliza pia mambo mawili. La kwanza, tezi ya shingoni. Binamu yangu alipungua kilo kadhaa kabla ya arusi yake huku akila vizuri, na sote tukamwambia amependeza. Viganja vilikuwa majimaji, joto halivumilii hata chini ya feni, moyo ukimwenda mbio amekaa. Mimi nilimpaka hina siku ile na vidole vyake vilikuwa vikipiga piga kwenye kiganja changu kama ndege uliyemshika. Ilikuwa ni tezi. Kipimo kimoja cha damu kilionyesha, akapewa dawa, na baada ya miezi michache mikono ilitulia.

La pili ni nadra, lakini kwa kuwa latibika ni lazima nilitaje: ugonjwa wa Wilson, ambapo mwili hushindwa kutoa madini ya shaba, ikajaa kwenye ini na ubongo. Huwapata watoto na vijana, hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwa hivyo kwenye familia za watu walioana mabinamu uwezekano huwa mkubwa zaidi. Ikiwa unatetemeka na macho yamewahi kuwa manjano, au matamshi yamebadilika, au kuna ndugu aliyekufa kwa ini akiwa mdogo bila pombe, mtajie daktari jina hilo mwenyewe. Dawa hutumika maisha yote, na ikianza mapema mtu huishi vizuri.

Hatua ya sita: kwenda kupimwa

Nenda ikiwa wiki tatu za daftari na kupunguza vichocheo hazijaleta nafuu. Usingoje hata hizo ikiwa mtetemo ni wa upande mmoja, au wa mkono uliolala, au mwili unakonda, au mwendo na matamshi yamebadilika, au kazi imekushinda.

Si lazima uanze na daktari bingwa. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukiwa umejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Kwa simu ni *147#. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, hiyo ambayo wengi twaiita Makadara. Fika mapema, na ule kabla ya kutoka, isipokuwa umeambiwa ufunge kwa ajili ya kipimo.

Beba daftari, konokono zako, video, na dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti. Ukiingia, usianze na "Daktari, nahofia nina Parkinson." Nilianza hivyo mara ya kwanza, kwenye kliniki moja, nikacheka kidogo kwa haya, naye akacheka, nikatoka na vidonge vya vitamini bila hata kuguswa mkono. Mara ya pili nilisema hivi: "Daktari, mikono yangu yote miwili inatetemeka tangu Machi. Ikilala inatulia, nikishika kitu inaanza. Nina pumu, natumia hii. Babu yangu alikuwa nayo. Mimi nachora hina, na kazi imeanza kunishinda." Akavuta kiti.

Ni haki yako kuuliza: tupime tezi? Sukari? Ini, figo na chumvi za damu? Kati ya dawa zangu ipo inayoweza kuleta hili? Naye atakuangalia unavyotembea, atakunja viwiko vyako kusikia kama vinakaza, atakugongesha vidole viwili haraka haraka. Uchunguzi huo wa mikono mitupu una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Picha ya ubongo ni ghali, na ikiwa uchunguzi ni safi mara nyingi haihitajiki. Asipoiandika, hajakudharau.

Hatua ya saba: watu watasema

Watasema husuda. Watasema umepigwa kijicho kwa sababu ya mikono yako mizuri. Mimi nilisomewa, na nilikunywa kombe ambalo ami yangu aliliandika kwa zafarani kwa mapenzi yake yote, na usiku ule nililala kuliko nilivyolala kwa wiki. Sijuti hata kidogo. Ninachokuomba ni dua ziende pamoja na kipimo cha damu, zisikizuie. Na mchanganyiko wa miti usioujua, unaouzwa chupani kwa jina la kutuliza mishipa, uuweke kando hadi vipimo vitoke, maana baadhi huliumiza ini na kumvuruga daktari.

Ikiwa vipimo vyote ni safi na bado woga haukuachi, unakutoa usingizini, unakupiga moyo ghafla ukaona wafa kisha baada ya dakika kumi au ishirini ukapungua, basi woga wenyewe ndio wa kutibiwa, na una matibabu yake. Kuna pia mtetemo unaoanza ghafla baada ya msukosuko, unaobadilika mtu akishughulishwa na jambo jingine. Ni ugonjwa wa kweli. Mwenye nao hajifanyi, na asikubali kuambiwa anajifanya.

Hatua ya nane: kazi iendelee

Vipimo vyangu vilitoka safi. Daktari alisema ni mtetemo wa kawaida uliokuzwa na inhela, kahawa, njaa, kukesha na hofu; kuhusu babu, wakati ndio utakaosema, nirudi baada ya miezi mitatu. Nikapewa inhela ya kuzuia. Wakati nikingoja, nilijifunza njia za mikono, na zafaa kwa fundi cherehani, kinyozi, au mwuguzi anayetafuta mshipa.

Kiwiko kisiwe hewani. Kiegemeze kwenye mto, meza, au goti lako mwenyewe. Kidole kidogo kiguse unapochorea, kiwe nanga. Toa pumzi unapovuta mstari, usiizuie. Shika koni nene kuliko nyembamba, kwa sababu ukiminya kitu chembamba kwa nguvu misuli huchoka na mtetemo huongezeka. Koni zangu nilizivalisha kitambaa. Kikombe usijaze hadi ukingoni. Na mwambie mteja mapema, kabla hajaona: "Mkono wangu hutetemeka kidogo nikiwa na njaa, nipe dakika tano nile." Wa kwanza kumwambia alikuwa mama mmoja wa Bondeni. Aliinuka, akaniletea viazi karai na chai ya tangawizi, akakaa akinitazama nikila.

Konokono wa wiki ya 12 niliwapeleka kliniki pamoja na wa kwanza. Wa kwanza ana meno pande zote. Wa 12 ana meno mawili matatu kwenye duru ya nje, upande wa kulia chini, na hayo bado yapo hadi leo. Daktari aliziweka karatasi mbili juu ya dirisha kuona mwanga ukipita, akazipigia mhuri wa tarehe, akaniambia nirudi mwakani mwezi huo huo, au mapema zaidi ikiwa mkono utaanza kutetemeka ukiwa umelala.